Inchi Tatu za Shemeji Yangu

Kabla sijamsema shemeji yangu, niseme kwanza kwamba nampenda. Nimeshasema. Sasa niacheni nimseme.

Shemeji yangu ni mume wa dada yangu mkubwa, na kazi yake ni fundi wa nguo. Mtaa mzima unamwita Inchi. Jina hilo hakupewa bure, maana kwake kila kitu duniani kina inchi. Ukimuuliza mvua ya jana ilikuwaje, atakuambia maji yalifika inchi mbili pale kizingitini. Ukimuuliza mtoto wake anaendeleaje na masomo, atakujibu kwamba ameongezeka inchi moja na robo tangu mwaka jana, na ukimwambia hukuuliza urefu, atakushangaa.

Duka letu ni chumba kimoja chenye dirisha pana. Cherehani yake iko dirishani kwenye mwanga, yangu iko karibu na mlango kwenye vumbi. Katikati kuna meza ya kukatia, ukutani kuna kioo kirefu kilichopasuka kona, na pembeni tumetundika pazia la wateja kubadilishia nguo. Yeye anapima na kukata. Mimi kazi yangu ni vifungo, zipu na mapindo. Mkasi mkubwa siruhusiwi kuugusa, ingawa nimefanya kazi humo miaka tisa na sijawahi kujikata, wakati yeye ana makovu mawili.

Duka alilirithi kwa kaka yake. Huyo kaka ndiye aliyemfundisha kazi, na wote waliomjua wanakubali kwamba alikuwa fundi kumshinda mdogo wake. Alipata kisukari, akakifanyia mzaha, kikamchukua macho. Miaka yake minne ya mwisho alikaa kwenye kiti pale nilipo mimi leo, akichambua vifungo kwa ncha za vidole, vyeusi huku, vya kahawia kule, na akikosea hakuna aliyemwambia. Shemeji akikumbuka hayo hunyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Sasa niwaambie habari ya futi yake, ile kamba ya njano ya kupimia, maana bila futi hamtanielewa. Miaka kumi na moja iliyopita aliisahau kwenye meza ya kupigia pasi, akawa anabishana na jirani kuhusu mpira, na pasi ikala inchi tatu za mwanzo. Mtu mwingine angenunua futi mpya siku hiyohiyo. Yeye alikata kipande kilichoungua, akasema futi hii imenilea, kuanzia leo tutatoa tatu. Ndivyo ilivyokuwa. Humzungushia mteja futi kiunoni, hubana mwanzo wake kwa kidole gumba bila kuuangalia, husoma namba kwa mbele, kisha hutangaza: "Arobaini na moja, toa tatu, thelathini na nane." Wateja wa siku nyingi huitikia pamoja naye. Ukutani, juu ya kioo, ameandika kwa chaki kubwa: TOA TATU.

Mwaka huu kliniki ya mtaani ikamwita awashonee wauguzi sare mpya. Nilikwenda naye kuandika namba. Alipofika kwa muuguzi mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu foleni, akampima, akatoa tatu, akaninong'oneza namba. Muuguzi mkuu akafungua droo, akatoa futi yake mwenyewe.

"Umetupima wote, fundi. Sasa zamu yangu."

"Mimi najijua, mama. Thelathini na nane."

Thelathini na nane alikuwa nayo siku ya harusi yake, nami nilikuwepo. Kinyozi hajinyoi. Suruali zake amekuwa akiziachia kidogo kidogo kila mwaka bila kuandika popote. Muuguzi akamzungushia futi, akasoma.

"Arobaini na tatu."

"Toa tatu," akasema shemeji upesi.

"Futi yangu haitoi kitu, fundi. Kaa hapo nikuchukue damu."

Baada ya siku mbili tukaitwa kuchukua majibu, dada yangu akiwa katikati yetu. Daktari alikuwa ameshaandika vidonge, na muuguzi mkuu ndiye aliyetueleza.

"Hiki kipimo kinaonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu. Yako ni sita nukta tatu. Ikifika sita na nusu tunaita kisukari. Wewe bado, lakini umekikaribia."

"Kwa hiyo sina."

"Huna bado."

"Imebaki nukta mbili tu?"

"Nukta mbili tu."

Shemeji akafikiri. "Hiyo haifiki hata robo inchi."

"Damu haina inchi, fundi. Ndugu yako aliyekuwa na duka lile alikuwa mgonjwa wetu. Nilimjua vizuri."

Hapo shemeji akanyamaza. Muuguzi akaendelea kumweleza taratibu kwamba hali hii inarudishwa nyuma, wengi wameirudisha. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Kutembea haraka nusu saa kila siku. Soda basi, sukari kwenye chai basi, mkate mweupe kwa nadra, nusu ya sahani iwe mboga. Na apunguze mwili, hasa tumbo, kisha arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena.

"Kiuno nipunguze inchi ngapi?" akauliza shemeji.

"Hata mbili, tatu, zitasaidia."

Katika maneno yote aliyoambiwa asubuhi ile, alisikia hayo tu. Nilimwona usoni. Vidonge, mboga, miguu, vyote vilipita, inchi tatu zikabaki. Njiani alimwambia dada kwamba kumbe ni kazi ya kupunguza kiuno, na kupunguza viuno ndiyo kazi yake ya miaka thelathini.

Wiki tatu za kwanza alijitahidi, lazima nimpe haki yake. Chai isiyo na sukari aliinywa amesimama, macho kayafumba. Matembezi aliyafanya, ingawa nusu saa yake ilichukua saa nzima, maana kila akiona suruali iliyoshonwa na fundi mwingine alisimama kuikosoa, mwenye suruali akiwa bado yumo ndani. Vidonge navyo vilimwendesha tumbo siku za mwanzo. Muuguzi alishamwambia kwamba hilo litapita, ila hakumwambia litamshika wakati mwalimu mkuu wa shule ya wasichana yuko nyuma ya pazia, amebanwa pini sketi nzima. Mama wa watu alisimama robo saa bila kuweza kukaa wala kutoka, na shemeji aliporudi alijifanya alikwenda kutafuta chaki.

Kila Ijumaa alijipima. Arobaini na sita, toa tatu, arobaini na tatu. Ijumaa ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyohivyo. Akaanza kununa. Alisema mboga zinavimbisha.

Hapa ndipo naingia mimi, na laiti ningeweza kuisimulia hadithi hii bila sehemu hii.

Nilikuwa nimeichoka ile futi. Juma lile alikuja mteja shemeji hayupo, nikampima mimi, nikasahau kutoa tatu, na shati likatoka pana kiasi cha kuingia watu wawili. Nilifokewa siku mbili. Siku ya tatu akapita mchuuzi na futi mpya, za njano vilevile, nikanunua moja. Shemeji alikuwa kwenye matembezi yake. Nikaitundika ile mpya kwenye msumari, ile ya zamani nikaitupa kwenye kapu la vitambaa vibovu, na kapu likamwagwa siku hiyohiyo. Nilijua akirudi ataishika tu, atajua, atanguruma kidogo, nami nitamwambia: haya, imeshatupwa, futa hiyo chaki ukutani tuanze maisha mapya.

Alirudi, akaishika, hakujua. Miaka thelathini ya kazi na hakujua! Alibana mwanzo kwa kidole gumba kama kawaida yake, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma. Ilikuwa Ijumaa, na aliyekuwa akipimwa ni yeye mwenyewe.

"Arobaini na mbili na nusu," akasema polepole. "Toa tatu. Thelathini na tisa na nusu!"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini yeye alishapiga ukelele, alishamwita dada yangu kutoka nyumba ya nyuma, alishamkumbatia na kumzungusha kwenye kile chumba kidogo hadi kiti kikaanguka. Dada alikuwa analia na kucheka. "Inchi tatu na nusu!" shemeji akapaza sauti dirishani, na muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara akampigia makofi. Kweli alikuwa amepungua nusu inchi, na nusu inchi si haba. Lakini mimi ningeanzaje kusema nusu, mbele ya watu wanaoshangilia tatu na nusu? Nikafunga mdomo. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikasema kesho.

Kesho yake alinikuta nikichemsha chai, akachukua kijiko akatia sukari mara tatu, akakoroga akiimba.

"Shemeji, hiyo sukari!" nikamwambia.

"Nimepewa sharti la inchi tatu, nimetoa tatu na nusu. Hiyo nusu naila."

"Na vidonge je?"

"Vidonge ni vya mgonjwa." Akavitia kwenye droo ya vifungo, chini kabisa, na matembezi yakaishia pale pale kwa muuza magazeti. Akaacha hata kujipima. Aliyefaulu, alisema, haendi tena kufanya mtihani. Suruali aliyoipunguza kwa sherehe ya kiuno chake kipya ilipokataa kufunga, alikilaumu kitambaa. Siku hizi vitambaa vinasinyaa kabla hata ya kuona maji, alisema, akavaa shati juu ya suruali ili isionekane kwamba haikufungwa.

Wakati huohuo, kila nguo aliyokata ilitoka imepungua inchi tatu kiunoni. Zile chache za kwanza niliziokoa kimyakimya. Akitoka tu, nafumua, naachia kitambaa cha akiba kilicho ndani ya mshono, narudishia. Kwa bahati kaka yake alimfundisha kuacha akiba kubwa. Nilishona zaidi kwa siri kuliko nilivyoshona kwa kuajiriwa. Lakini mtu mmoja atafumua ngapi? Nyingine zilinipita, na wateja wakaanza kurudi.

Wa kwanza alikuwa yule mwalimu mkuu. Sketi ilikataa kupanda. Shemeji akamtazama kwa huruma ya mtu aliyeokoka.

"Mwalimu, usinichukie. Umeongezeka."

"Mimi?"

"Futi haina chuki na mtu. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nenda kliniki ukapime sukari, mwambie muuguzi mkuu ni mimi nimekutuma."

Mwalimu aliondoka amefura kwa hasira, lakini alikwenda. Akafuata karani wa posta, akafuata muuza mikate na mkewe, akafuata kinyozi wa jirani. Wote waliambiwa wameongezeka, wote wakapewa mawaidha marefu juu ya mboga na nusu saa, na mtoa mawaidha akinywa soda. Mtaa ukaingiwa na hofu. Asubuhi ukipita uliwakuta watu wazima wanatembea mbiombio wakihesabu dakika. Muuza mikate alilalamika kwamba mikate haitoki, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameacha kuila.

Nami niliyajua yote hayo, nikakaa pale mlangoni kushona vifungo. Mtaniuliza kwa nini sikusema. Siku ya kwanza niliona haya. Wiki ya kwanza niliogopa kufokewa. Kufikia wiki ya tatu, jambo lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko mimi, na kila nilipomwona anatia kile kijiko cha tatu, niliinamia vifungo vyangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema afanyeje yule ambaye ulimi wake umelala usingizi.

Wiki ya tano tangu nibadilishe futi, wakaja walinzi wa benki. Walikuwa kumi na wawili, na msimamizi wao wa kumi na tatu, wote wamekuja kuchukua sare. Walibadilishia nyuma ya pazia wawili wawili, wakatoka na kujipanga mbele ya kioo. Hakuna suruali hata moja iliyofunga. Walisimama wamevuta pumzi, mikono imeshika viuno, na mmoja alipopiga chafya zipu yake ikaachia yote.

"Mmeongezeka," akaanza shemeji. Sauti haikuwa na nguvu kama ya siku zote.

Msimamizi akatoka wa mwisho. Huyu bwana ni mrefu na amekauka, mshipi wake ameutoboa matundu ya ziada mwenyewe kwa msumari. Alikuwa ameishika suruali kwa mbele na nafasi iliyobaki wazi ilikuwa ya kiganja kizima.

"Fundi," akasema kwa upole, "mimi nimezaliwa mwembamba, nimeoa mwembamba, na mke wangu ananilaumu kwamba watu wanadhani ananinyima chakula. Niambie na mimi nimeongezeka wapi."

Walinzi wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama shemeji. Alichukua futi akampima msimamizi, akasoma, akarudia. Alichukua daftari akalisogeza mbali na macho, akalileta karibu, akalisogeza mbali tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani yake, na daftari likamponyoka mkononi.

"Ndivyo alivyoanza kaka," akasema.

Hakuna aliyemwelewa ila mimi na dada, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Alianza kukata vibaya. Kidogo tu, inchi moja, mbili. Wateja wakarudi, akawagombeza kwamba wamenenepa. Mimi nilikuwa nafanya kazi pale kwenye vifungo, nilimwona. Mke wangu, ni macho. Imeshaingia machoni."

Akainua viganja vyake akavitazama. Dada yangu akaweka mkono mdomoni. Walinzi wakaacha kucheka, wakabaki wamezishika suruali zao kwa heshima.

Nikasimama.

"Shemeji, si macho. Ni futi. Nimeibadilisha mimi."

"Umeibadilisha nini?"

"Futi. Hiyo uliyoshika ni nzima. Ina inchi zake zote. Umekuwa ukitoa tatu bure."

Aliitazama futi mwanzo wake, akakipapasa kile kibati cha nchani kwa kidole kilekile kilichokuwa kimekibana wiki tano. Akatazama ukutani: TOA TATU. Akanitazama mimi. Nilingoja radi ipige.

"Kwa hiyo kiuno changu..." akasema.

Dada ndiye aliyempima, pale pale mbele ya walinzi kumi na watatu. Arobaini na nne. Hakuna aliyetoa kitu.

Hakunifokea, na hilo liliniumiza kuliko kufokewa. Aliwaambia walinzi wavue, waje baada ya siku nne, zitakuwa tayari. Kisha akavaa viatu, tukaenda kliniki watu watatu.

Muuguzi mkuu alipomwona alifungua mikono. "Fundi wangu! Umeniletea watu kumi na mmoja mwezi huu! Wanakuja wanasema fundi amesema nimenenepa. Na unajua, wawili kati yao kweli wamekutwa na sukari, na walikuwa hawajijui!" Akaona nyuso zetu, akashusha mikono.

Nilimweleza mwenyewe, yote, kuanzia mchuuzi. Alijitahidi kutocheka, akashindwa, akatoka nje kidogo, akarudi amejipangusa macho. Kisha akafanya kazi yake. Damu ikachukuliwa. Daktari wa macho, aliyekuwa na zamu siku ile, akamkalisha shemeji kwenye giza na kummulika ndani ya macho, huku dada yangu amenishika mkono kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza.

"Macho yako hayana alama ya sukari," akasema daktari.

"Mbona sioni karibu?"

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

"Basi jibu ndilo hilo. Chukua miwani ya kusomea."

Sijapata kumwona mtu aliyefurahi hivyo kuambiwa kwamba amezeeka. Lakini majibu ya damu yalipotoka, furaha ikapungua. Sita nukta nne. Muuguzi mkuu hakucheka tena. Alimwambia ameshasogea nukta moja na imebaki moja, na kwamba miezi mitatu inaanza kuhesabiwa upya, kuanzia kidonge cha jioni ile. Safari hii shemeji aliuliza habari ya kila kitu. Aliuliza habari ya mboga, akauliza kama maembe yamo, akauliza tumbo likiendesha afanye nini, akaambiwa anywe kidonge katikati ya chakula na asikiache bila kuuliza. Niliandika yote, na habari ya inchi sikuisikia.

Sare za walinzi tulizifumua siku nne mfululizo, na akiba ikatosha, ila ya mmoja aliyekuwa mnene tangu mwanzo. Huyo alishonewa upya.

Miezi mitatu ile nilijipa adhabu mwenyewe. Kila asubuhi tulitembea pamoja, yeye na miwani yake mpya, mimi na kiatu kilichonibana, na akisimama kukosoa suruali ya mtu nilimvuta mkono. Chai tuliinywa wote bila sukari. Mwezi wa kwanza ulikuwa na uchungu, wa pili tukazoea, wa tatu nilionja chai ya nyumba nyingine nikadhani wamekosea wametia uji. Siku ambazo hakutaka kutembea zilikuwepo. Siku moja alikula keki nzima kwenye harusi ya mtoto wa karani, akaenda kujitangaza kliniki mwenyewe kabla hajashtakiwa. Lakini vidonge hakuviacha. Dada alivihamishia mezani, kando ya chumvi. Kuhusu futi hatukusema kitu. Alizungumza nami kazi tu: leta uzi, shona hapa, mteja anangoja. Utani wetu wa miaka tisa ulikuwa umekatika, nami sikuwa na pa kuushonea.

Siku ya majibu dada alikuwa na homa, kwa hiyo nilikwenda naye mimi. Muuguzi mkuu alisoma karatasi, akaisoma tena, akaitua mezani na kuigeuza ielekee upande wa shemeji.

"Isome mwenyewe, fundi."

Shemeji akavaa miwani. "Tano nukta tisa."

"Tano nukta tisa. Bado hujafika salama kabisa. Salama ni chini ya tano nukta saba, kwa hiyo vidonge unaendelea, na kutembea unaendelea. Lakini umerudi nyuma, baba. Hongera sana." Akampima na kiuno: arobaini na moja. Shemeji hata hakuuliza.

Tulitoka nje kwenye jua. Alitembea hatua nyingi, miwani bado usoni, akisoma kila kibao cha duka tulichopita, kwa sauti ya chini, herufi moja moja. Tulipofika kwenye kona ya posta akasimama.

"Shemeji, ungeninyamazia mpaka lini?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwa karibu, umeiva.

"Sijui," nikamwambia. "Labda mpaka mwisho. Niliogopa utanifokea." Na machozi yakanitoka pale barabarani, watu wanapita.

Aliniacha nilie. Kisha akaniambia, "Siku nyingine ukiniona naangamia, sema. Kukufokea nitakufokea, hilo usilipunguze hata kidogo. Lakini nitakufokea huku nakuona."

Na akaanza palepale. Alinifokea kwa ajili ya futi, kwa ajili ya wiki tano, kwa ajili ya mwalimu mkuu na msimamizi wa walinzi, kwa ajili ya zipu nilizopinda tangu mwaka ule nilioanza kazi. Alinifokea kwa sauti kubwa kupita posta, kupita kwa kinyozi, mpaka mlangoni kwetu, na macho yake yote mawili yalikuwa kwangu. Nami nikawa namjibu.